Jua Tulivu Kibarazani kwa Mama Mbaraka

Mlalo, Lushoto
3 Machi 2024

Mpwa wangu Yunis,

Pokea salamu za huku milimani, ambako ukungu umeamka kabla yetu sote na mpaka saa hizi, saa nne kasoro, hauna dalili ya kuondoka. Mimi mjomba wako nipo. Mgongo nao upo, na kila asubuhi tunashauriana nani aanze kuinuka. Mama yako hajambo, anasema unakonda kwenye picha. Nimemwambia picha ndiyo iliyokonda, hakucheka. Mwanangu Heri yuko Korogwe, anapiga simu mwisho wa mwezi kuuliza kama bado naishi.

Kanisani bado mimi ndiye msoma matangazo. Jumapili iliyopita mchungaji aliniachia karatasi, nikasoma la kwanza, nikasoma la pili, na la tatu lilisema: "Nathanaeli, la nne usilisome mpaka tuongee." Nililisoma kwa sauti nzuri kabisa. Kisha nikasoma la nne. Unanijua, mdomo wangu ukishashika mstari hauachi mpaka nukta. Mchungaji amenisamehe, lakini kwa sasa ananipa matangazo ya kwaya tu.

Umeniuliza kwa simu kwa nini nataka barua za karatasi katika zama hizi. Mtandao kwangu unapatikana pembeni ya choo peke yake, na sipendi kuelezwa mambo ya Jua nikiwa nimesimama pale. Tena simu yetu sisi huishia kwenye salamu. Tukishamaliza kuulizana habari za nyumbani, za kazi, za mifugo na za wagonjwa, vocha imekwisha na Jua hatujaligusa. Kwa hiyo andika, tia stempu, nami nitaipata.

Sasa shida yangu. Kuna mtu mmoja hapa amesikia kwamba unasomea Jua, tena si Jua lote, bali sehemu yake isiyokuwa na kitu. Akauliza: huyo mtoto amepelekwa Ulaya kutazama mahali ambapo hakuna kitu, kwani huku Mlalo hapakuwepo? Nilijibu kwa kukohoa. Nisaidie jibu la maana.

Mama Mbaraka, jirani yangu wa matuta ya chini, anakusalimu.

Mjomba wako,
Nathanaeli


Freiburg, Ujerumani
14 Aprili 2024

Shikamoo Mjomba,

Barua yako imenifikia jana, imekunjwa kama imelaliwa na mbuzi, lakini imefika. Mimi mzima, ila mawazo yangu yako kwenye huo mgongo. Mwambie mama sijakonda, nimevaa nguo chache kwa sababu baridi imepungua. Nimepanda mboga ya maboga kwenye ndoo dirishani. Imetoa majani mawili, na jirani ameniuliza hilo ni ua gani. Binti wa Kishambaa, mjukuu wa wakulima, nimeshindwa na boga. Tafadhali usilisome hilo kanisani.

Huyo mtu mmoja ameuliza swali ninaloulizwa na kila mtu, ila yeye ameuliza vizuri zaidi. Mwaka huu Jua limechachamaa. Lina madoa meusi makubwa, linarusha miali, wenzangu ofisini wanakimbizana kama watu waliosikia gari la mizigo limepinduka. Mimi kila asubuhi natafuta kipande kisicho na doa. Tunakiita Jua tulivu. Yaani nimetoka Mlalo, ambako Jua lenyewe tunalisikia kwa majirani, nikaja kusomea Jua, na katika Jua zima nikachagua mahali ambapo watu wote wanapapita bila kupatazama.

Lakini utulivu wenyewe ni wa jina tu. Mwambie aweke uji mzito motoni, atazame juu ya sufuria. Uji unapanda katikati ya povu, unashuka pembeni, povu linakufa, lingine linazaliwa. Uso wa Jua uko hivyo mahali pote. Kila povu linakaribia upana wa nchi yetu, na maisha yake ni kama muda wa kunywa chai. Humo ndani huibuka sumaku ndogondogo, huja mbilimbili, moja ya ncha ya kaskazini na mwenzake wa kusini. Mkondo unazisukuma mpaka kwenye kingo, na huko zinakutana na nyingine zilizotangulia. Zikiwa za ncha moja zinaungana na kupata nguvu. Zikiwa za ncha tofauti zinafutana, na pale unabaki hujui kama kulikuwa na kitu.

Vijisumaku hivyo, kimoja kimoja, ni vidogo mno. Ila vikijumlishwa vyote vinavyoibuka kwa siku moja, wanaovipima wanasema vinayashinda madoa makubwa yote. Mimi kazi yangu ni kufuata kimoja tangu kizaliwe mpaka kifutike. Mara nyingi nakipoteza njiani. Profesa wangu anasema ni kawaida. Nadhani ananihurumia.

Msalimie Mama Mbaraka, na huyo mtu mmoja.

Mpwa wako,
Yunis


Mlalo
23 Juni 2024

Mpwa wangu Yunis,

Salamu tena, safari hii zimetoka kwa mtu aliyeungua vidole. Nitaeleza. Kwanza habari. Masika ilikuwa kali, barabara ya kuja juu ilikatika mahali pawili, ndiyo maana barua yako ilikaa Lushoto ikipumzika. Mama yako hajambo, amefurahi kusikia hujakonda na hajaamini. Kabichi zangu zimeota vizuri na bei imeanguka vizuri. Idi imepita juzi, Mama Mbaraka aliniletea pilau ya kunitosha siku mbili, nikaimaliza siku ileile kwa heshima ya sikukuu.

Tulifanya lile jaribio la uji. Nasema "tulifanya" kama watu wa chuo, maana yake mimi na huyo mtu mmoja. Yeye ndiye aliyewaza kunyunyizia pilipili manga juu, ili tuone mkondo unaipeleka wapi. Na kweli, Yunis, pilipili ilisukumwa ikajipanga pembeni, kama ulivyosema! Nikainama nione vizuri, nikashika sufuria kwa mikono mitupu. Kisha tukasahau kukoroga, uji ukaungua. Mama Mbaraka amenicheka mpaka akakaa chini. Mama Mbaraka akicheka hufunika uso kwa ncha ya mtandio, na hapo huwezi kujua kama anacheka au amekasirika mpaka ashushe.

Mgongo unaendelea. Mama Mbaraka amenipa mafuta ya mchaichai.

Sasa swali la pili la huyo mtu mmoja, na usinijibu kwa haraka. Anasema: hizo sumaku mbili zikikutana na kufutana, zinakwenda wapi? Anasema kitu kilichokuwepo hakiwezi kwenda pasipokuwa mahali. Na baada ya kuuliza hakutaka nibuni jibu. Nilikuwa nimeshaanza kubuni.

Huku baridi imeingia. Jua tumeliona Jumanne, kidogo, likarudi ndani.

Mjomba wako,
Nathanaeli


Freiburg
28 Julai 2024

Shikamoo Mjomba,

Pole kwa vidole. Nimecheka mpaka nikajisikia vibaya, kisha nikacheka tena. Mimi mzima. Boga limekufa, Mungu alilaze mahali pema.

Nimerudi juzi kutoka kisiwa cha Tenerife, kwenye darubini iliyo juu ya mlima, juu ya mawingu, mahali palipochaguliwa na wataalamu kwa sababu anga lake ni safi karibu mwaka mzima. Nilipewa wiki moja ya kutazama. Ukungu ukapanda siku ya kwanza ukakaa mpaka siku ya kuondoka. Mafundi wa pale walisema hawajawahi kuona ukungu wa namna ile mwezi wa saba. Sikuwaambia ninakotoka. Nina hakika ulinifuata kutoka Mlalo, umenizoea. Nilipata saa mbili tu za mwanga, na katika saa hizo mbili nikaona jozi moja nzuri ikikutana na kufutana, na nikapiga kelele peke yangu chumbani kama mtu aliyefunga goli.

Jibu la swali. Zikifutana, hazipotei bure. Sehemu ya ule uga wa sumaku, yaani ile nguvu inayoizunguka sumaku, inazama tena chini ya uso, ilikotoka. Na sehemu ya nguvu yake inageuka kuwa joto na kupanda juu, kwenye hewa ya Jua. Hewa hiyo ina jambo la ajabu: ukipanda juu ya uso wa Jua, joto linaongezeka badala ya kupungua. Ni kama utoke jikoni kwenda uani, ukute uani kuna moto kuliko mafigani. Wengi wetu tunadhani hivi vidogo vinavyokufa kimyakimya ndivyo vinavyochangia joto hilo. Ni kiasi gani, sijui. Mwambie kwamba sijui. Nimeona ni mtu anayependa kuambiwa ukweli.

Na sasa, Mjomba, mpwa ana ruhusa ya kumtania mjomba wake, na mimi naitumia. Wewe hujawahi kuuliza swali lisilokuwa na chakula ndani yake. Swali lile limeulizwa na mtu aliyezika mwenzake. Na jina la Mama Mbaraka limo katika barua yako kila mahali, hata kwenye habari ya mgongo. Huyo mtu mmoja ni yeye. Unampenda. Unampenda mpaka umejua anavyoshika mtandio akicheka, wewe ambaye marehemu mkeo alisuka nywele akakaa nazo wiki nzima hujaona. Lini unatafuta mshenga apeleke barua ya posa? Au unasubiri mpaka mgongo ukatae kabisa, aje akuoe kwa kukuhurumia? Marehemu mwenyewe angekuwa wa kwanza kukucheka na wa kwanza kukusukuma.

Nijibu upesi, usijifanye umepoteza stempu.

Mpwa wako mtundu,
Yunis


Mlalo
8 Septemba 2024

Yunis,

U mzima? Vizuri. Mama yako mzima. Kabichi nzima. Mimi si mzima.

Nikwambie sasa nililokuwa nakuficha, maana halina faida tena. Barua zako sizisomi kwangu. Zikifika, nasubiri mpaka Mama Mbaraka amalize swala ya alasiri, kisha saa kumi nashuka na bahasha mpaka kibarazani kwake, palepale mbele ya njia, kila mpita njia anatuona. Yeye anachana bahasha kwa kisu cha mboga, mimi nasoma kwa sauti. Siku ya kwanza nilitaka kuifungua nyumbani niipitie kwanza, akakataa. Alisema, "Ilete imefungwa, Baba Heri. Mtu akiisoma kwanza, atakusomea anayoyataka yeye." Nikaahidi, na ahadi nimeitunza. Ndiyo maana nilitaka karatasi. Mtu huwezi kushuka kwa jirani yako mjane na simu mkononi ukasema umekuja kusoma. Bahasha yenye stempu ya Ulaya ni sababu ya heshima, na ikishasomwa tuliirudia kila siku saa kumi mpaka ije nyingine.

Kwa hiyo ile ya Julai niliisoma hivyo. Ukungu wa Tenerife tulicheka sana. Jibu lako la joto linalopanda juu alilisikiliza akiwa ameshika kikombe bila kunywa. Akasema, "Kumbe." Akasema, "Soma pale tena," nikasoma tena. Nilikuwa na furaha, Yunis, nilisoma kama siku ya Krismasi.

Kisha nikaingia kwenye "mpwa ana ruhusa". Macho yaliona hatari, lakini mdomo ulikuwa umeshapita. Nimesoma yote. Nimesoma "huyo mtu mmoja ni yeye". Nimesoma "unampenda", na pale kwenye nukta nikatua kama ninavyotua kwenye matangazo, ili watu wote wasikie. Nimesoma mtandio, nimesoma nywele za marehemu, nimesoma mshenga na posa na mgongo. Niliposimama nilikuwa nimefika kwenye jina lako.

Aliinuka. Akachukua vikombe vyote viwili, changu kilikuwa bado kina kahawa, akaingia ndani. Hakubamiza mlango. Afadhali angebamiza.

Tangu siku ile ananisalimu kwa mbali, "Za asubuhi," na kupita. Unajua huku kwetu. Salamu isiyofuatwa na habari za nyumbani ni mlango uliofungwa kwa komeo. Mimi nasema "Nzuri" na kuendelea kupalilia mahali nilipokwisha palilia.

Usidhani nina hasira na wewe peke yako. Ningekuwa na akili ya kuku ningekohoa, ningeangusha miwani, ningesema mwandiko haueleweki. Lakini pia ulichoandika ni kweli, na ndiyo shida yake. Tangu mke wangu afariki, siku yangu ilikuwa na asubuhi na usiku tu. Yule mama ndiye aliyenipa saa kumi. Sasa ikifika saa kumi sijui niweke wapi mikono. Nampenda, ndiyo. Na nitamfanya nini mimi, mzee wa kanisa, yeye Mwislamu asiyekosa swala? Nani aache nini? Hilo nilikuwa silifikirii kwa sababu nilikuwa na bahasha. Mtu mwenye bahasha haulizwi.

Usiniandikie tena mambo ya Jua. Sina pa kuyapeleka.

Nathanaeli


Freiburg
12 Oktoba 2024

Shikamoo Mjomba,

Barua hii isome peke yako, chumbani, mlango umefungwa. Nakuomba.

Sina habari za familia za kukupa, familia yote iko huko kwako. Mimi mzima wa mwili. Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama kwenye ngazi, na nimekaa pale pale mpaka taa ya ngazini ikazimika yenyewe. Nisamehe, Mjomba. Nimejitwisha kazi ya kutazama vitu vidogo visivyoonekana na mtu yeyote, nikajiona mjuzi kwa kumgundua Mama Mbaraka katika barua. Nilichoshindwa kuona ni kwamba alikuwa amekaa mbele yako anasikiliza. Kama kuna tuzo ya upofu, nitaipokea kwa mikono miwili.

Umenikataza mambo ya Jua. Nitakuasi mara moja tu, maana silijui jambo lingine la kukuambia.

Sumaku za kule juu hatuzigusi. Tunazipima kwa mwanga wake. Ncha ya kaskazini inaacha alama ya kujumlisha, ya kusini alama ya kutoa. Sasa, zikiwa mbili zimekaribiana mno, kuliko darubini inavyoweza kuzitenganisha, darubini inazisoma pamoja na kuandika sifuri. Kwa miaka mingi watu walitazama Jua tulivu, wakaona sifuri kila mahali, wakaandika: hapa hapana kitu. Kumbe palijaa. Palikuwa na mawili yanayovutana mahali pamoja, na chombo hakikuwa na uwezo wa kuyaona yote mawili. Mimi mwenyewe mwaka wangu wa kwanza nilitupa data nyingi kwa sababu niliziona tupu. Bado nikizikumbuka naona haya.

Sikuambii kwamba kimya cha Mama Mbaraka ni ndiyo. Kinaweza kuwa hapana, na akisema hapana utalipokea kama mtu mzima, utamsalimu kwa heshima na kumwachia njia. Nakuambia tu kwamba hujui. Wewe umesoma sifuri ukafunga daftari. Huenda amekasirika na pia anakumbuka kicheko. Huenda anaogopa watu watasema nini, na huenda anawaza neno lile lile la dini unaloliwaza wewe. Mjomba, muulize. Usimtume mshenga wala usijifiche nyuma ya bahasha yangu. Muulize kwa mdomo wako mwenyewe, huo huo unaotuletea balaa.

Nakupenda sana. Sijawahi kukuandikia hivyo, na nimeona si haki mimi nikucheke wewe kwa kutosema.

Yunis


Mlalo
1 Desemba 2024

Mpwa wangu mpendwa Yunis,

Salamu za mvua za vuli, mabonde yamejaa maji na njia ya sokoni ni tope la kufika magotini. Mama yako anakohoa kidogo tu, amekataa kulala. Heri ameniletea miwani mipya, naona sasa kila kitu, hata vumbi la nyumbani kwangu, afadhali ningebaki na ile ya zamani.

Barua yako ilifika mwanzoni mwa Novemba. Sikuifungua. Niliiweka mezani, nikawa naipita kwenda shambani na kuipita nikirudi. Ningeweza kuifungua, nani angejua? Lakini niliahidi zitafunguliwa mbele yake, na ahadi ile ndiyo kitu pekee chake kilichobaki kwangu. Nikasema, kama hatasikia yeye basi sitasikia mimi pia. Ni ujinga, najua. Mama yako alipoiona mezani aliniuliza kama nimesahau kusoma.

Jumamosi iliyopita nilikuwa nafunga mizigo ya kabichi, nikasikia sauti kutoka matuta ya chini. "Baba Heri! Yunis hajaandika?"

Nikasema, "Ameandika."

"Anasemaje?"

"Sijui. Sijaifungua."

Nilimwona amesimama na jembe lake, mvua inaanza kudondoka, haondoki. Kisha akasema, "Imefika lini?" Nikamwambia. Akasema, "Na umekaa nayo muda wote huo?" Nikasema ndiyo. Akapangusa jembe kwa majani. Akasema, "Haya. Baada ya alasiri."

Nilishuka saa kumi. Nilikuwa nimevaa koti la kanisani, watu njiani wakaniuliza nani amefariki. Alichana bahasha kwa kile kisu, akanipa. Nikaanza: "Shikamoo Mjomba. Barua hii isome peke yako, chumbani, mlango umefungwa."

Nikamtazama. Akasema, "Endelea."

Nikaendelea. Alipofika, yaani nilipofika, kwenye ile tuzo ya upofu, alifunika uso kwa mtandio, sikujua ni kicheko au ni nini. Nikasoma sumaku mbili zinazosomwa sifuri. Nikasoma data ulizozitupa. Na hapo, Yunis, kwa mara ya kwanza tangu nijue kusoma, macho yalitangulia mdomo. Niliona jina lake liko mstari unaofuata. Nikatua kwenye mkato. Ningeweza kukunja karatasi na kusema, "Anakusalimu." Mvua ilikuwa inapiga bati, angeamini.

Nikasoma. Nikasoma yote, mpaka "muulize kwa mdomo wako mwenyewe". Kisha nikakunja karatasi, nikavua miwani mipya ili nisione vizuri, nikamuuliza. Sikusema maneno ya posa, hayo sina. Nilisema, "Mwanaidi, alichokiandika mtoto ni kweli. Mimi nakupenda. Sijui tufanye nini nalo." Sikuwa nimewahi kumwita jina lake. Hata mimi niliposikia niligeuka kuona nani amesema.

Mbuzi wa mtu alipita njiani, tukamtazama wote wawili mpaka akapotea.

Akasema, "Mimi nimeshaolewa, Nathanaeli, na nimeshazika. Dini yangu siachi. Na wewe ukiiacha yako kwa ajili yangu nitakudharau, nawe utajidharau. Kwa hiyo jibu ni hapana, tusidanganyane."

Nikasema, "Nimesikia." Nikainuka. Nilikusudia kuondoka kama ulivyonifundisha, kwa heshima, ila mgongo ulikataa katikati, nikabaki nimeinama mbele yake kama anayeokota sindano. Hata kukataliwa kwa staha sikujaliwa.

Akasema, "Unakwenda wapi sasa?"

Nikasema, "Nyumbani. Umesema hapana."

"Nimesema hapana ya kuolewa. Nani amekwambia uinuke?" Akaingia ndani, akatoka na birika. Akamimina vikombe viwili, akasukuma kimoja upande wangu, akasema bila kunitazama: "Tangu mwezi wa nane kila saa kumi nachemsha kahawa ya watu wawili. Cha pili namwaga."

Hivyo ndivyo nilivyokataliwa, mpwa wangu. Nilikunywa kikombe kile kwa machozi, nikasingizia tangawizi, naye akanikubalia kwamba aliizidisha. Leo tena nimetoka huko. Andika upesi, na jua kwamba tunasikiliza wawili.

Mimi mjomba wako niliyekataliwa, na kesho saa kumi ninakwenda tena,
Nathanaeli